Fundo Mkiani mwa Joka

Bwana Guerau wa Vallmora alirudi kutoka vita vya Sardinia katikati ya Kwaresima, amekonda, ndevu zimemwota hovyo, na kabla hata hajapanda kwenye ngome yake aliingia kanisani kutoa shukrani. Hakukaa sana. Alipotoka, waliokuwa wamejipanga nje kumwamkia waliona uso umembadilika. Alimshika Padri Dalmau kiwiko, akamvuta pembeni ya ukuta.

"Nani amechora lile?"

"Ferrer Malla, Bwana. Yule yule anayekuchorea ngao zako."

"Basi aje."

Saurina, mkewe Ferrer, alikuwa uani akitenganisha viini vya mayai na ute, maana bila kiini cha yai rangi haishiki kwenye ubao. Askari aliyekuja kumwita mumewe alikataa kuketi, akakataa na kikombe cha divai. Kwetu Castellroure askari akikataa divai, mwenye nyumba hujua mambo si mazuri.

"Kuna nini?" Saurina aliuliza.

"Mimi nimetumwa mtu, mama. Sikutumwa maneno."

Ferrer alinawa mikono polepole, kidole baada ya kidole, akatoka bila kumtazama mkewe. Hilo ndilo lililomtia Saurina wasiwasi. Mtu anayeitwa ghafla na bwana mkubwa humgeukia mkewe, amuulize kwa macho, "Nimefanya nini?" Ferrer hakuuliza. Alikwenda kama mtu aliyekuwa akiusubiri mwito.

Picha yenyewe ilikuwa ya chama cha Mtakatifu Jordi, ambacho wanachama wake ni wakulima wa mizabibu wa mji wetu. Walitaka picha ya kuweka nyuma ya altare kabla ya sikukuu ya mtakatifu wao, na Ferrer aliifanyia kazi majira yote ya baridi. Jordi amepanda farasi mweupe, mkuki wake umezama kooni mwa joka. Nyuma yake amesimama binti mfalme aliyetolewa aliwe, amevaa gauni jekundu lenye manyoya shingoni. Chini, mbele ya pango, imetapakaa mifupa na masalia ya watu walioliwa. Wakulima waliipenda. Kila mtu alisema joka lile linatisha kweli kweli.

Tatizo lilikuwa hilo hilo joka. Nembo ya ukoo wa Vallmora ni joka la kijani juu ya dhahabu. Limechongwa kwenye jiwe juu ya lango la ngome, limefumwa kwenye matandiko ya farasi wao, limepigwa muhuri hata kwenye magunia ya unga. Lina miguu miwili, mabawa yamenyanyuka, ulimi mwekundu umetoka nje, na mkia wake umefungwa fundo moja. Fundo hilo liliongezwa na babu yake Guerau, kwa sababu ukoo mwingine upande wa pili wa mlima nao ulikuwa na joka la kijani, na mabwana wawili wakienda vitani na ngao za namna moja watu wao hawajui wamfuate nani. Kwa hiyo joka la kijani laweza kuwa la mtu yeyote. Lakini lenye fundo mkiani ni la Vallmora, na hakuna mtoto wa Castellroure asiyelijua.

Na lile lililokuwa likichomwa mkuki nyuma ya altare lilikuwa la kijani, na mkia wake ulikuwa na fundo.

Ferrer alirudi jioni, jua likiwa bado juu ya mashamba. Alikaa mezani, Saurina akampakulia kunde.

"Kasema nini?"

"Kaniuliza kwa nini fundo."

"Ukajibu nini?"

"Nimemwambia mkono umezoea. Nimechora joka lake tangu ujana wangu, sijui jingine."

"Kaamini?"

Ferrer alitafuna kwanza. "Hakulitazama joka tena. Alianza kumtazama Jordi."

Saurina akaweka mwiko chini. Alikuwa ameiona picha ile siku zote ilipokuwa ikichorwa, kipande kipande, leo sikio la farasi, kesho ukucha. Hakuwahi kuisoma yote kwa pamoja kwa macho ya mtu aliyerudi safari. Sasa aliisoma.

Uso wa Jordi ulikuwa wa Arnau, binamu yake Guerau, aliyeachiwa ngome na mashamba muda wote bwana alipokuwa vitani. Hilo halikuwa siri. Arnau ni mzuri wa sura na anajijua, na wakulima walipotafuta uso wa mtakatifu, yeye mwenyewe alijipeleka kwa Ferrer akakaa kwenye kigoda na kidevu juu. Na gauni la binti mfalme lilikuwa gauni la Bibi Elisenda, mke wa Guerau. Ferrer aliliomba ili apate kunakili manyoya, na Bibi akalituma kwa roho safi.

Basi bwana ametoka vitani, ameingia kanisani kwake, na ameona nini? Binamu yake, katika sura ya mtakatifu, analiua joka la Vallmora ili amwokoe mwanamke aliyevaa nguo ya mkewe.

"Mungu wangu," Saurina alisema taratibu. "Ferrer, anadhani wamekutuma."

"Anadhani anavyodhani."

"Na je, walikutuma?"

Ferrer alisukuma bakuli. "Hata wewe?"

"Nakuuliza. Arnau alishinda hapa wiki nzima. Kama alikupa kitu, au alikuahidi kitu, niambie sasa."

"Hakunipa kitu," alisema, akainuka kwenda kwenye karakana yake. Saurina alibaki akilitazama bakuli lile lililobaki nusu, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakujua kama ameambiwa kweli.

Kesho yake mji mzima ulikuwa umeshaisoma picha. Mahali pa kufulia, pale maji ya chemchemi yanapoingia kwenye birika la mawe, wanawake walinyamaza Saurina alipofika na kapu lake. Ni Brunissenda tu, jirani yake, asiyeweza kunyamaza hata akizibwa mdomo kwa shuka.

"Shoga, mumeo naye. Kwa hiyo ndiyo mambo ya huko ngomeni?"

"Mambo gani?"

"Usijitie hujui. Bibi Elisenda amefungiwa chumbani mwake tangu jana. Na Arnau yuko kwenye ghala la divai na askari mlangoni. Hata divai hawampi, maskini, na yumo katikati ya mapipa."

Mmoja akacheka. Brunissenda hakucheka. Alikamua shuka, akasema bila kumtazama mtu, "Mimi nilishangaa toka zamani. Mwanamke gani anaazima gauni lake zuri kwa mchoraji? Kuna jambo."

"Aliazima kwa sababu aliombwa," Saurina alisema.

"Haya. Na aliyeomba aliombwa na nani?"

Saurina alifua haraka akaondoka. Njiani alihisi madirisha yakimtazama. Aliona jinsi jambo hili litakavyokwenda: leo gauni, kesho mtu atakumbuka kwamba Arnau alimshika Bibi mkono akipanda farasi, keshokutwa mwingine ataapa aliwaona bustanini. Shaka ni kama ukungu wa mzabibu. Ukianza jani moja, shamba zima huujua kabla ya mwenye shamba. Na Guerau alikuwa amekwisha kutamka mbele ya watu kwamba sikukuu ikipita Arnau atakatwa mkono wa kulia, na Bibi atarudishwa kwa baba yake bila utaji, kama mwanamke aliyefumaniwa.

Saurina alikwenda moja kwa moja kanisani. Picha ilikuwa imeshushwa kwa amri ya bwana, imeegemezwa ukutani katika chumba cha kuvalia cha padri, imefunikwa shuka. Padri Dalmau alikuwa anapanga mishumaa, mtu mnene, mwoga, mwenye moyo mzuri pale usipomgharimu.

"Sitakiwi kuruhusu mtu, Saurina."

"Mimi nimetenganisha mayai ya kila rangi iliyomo humo, Padri. Nitazame tu."

Padri akahema. "Nilimwambia mumeo hata kabla haijatundikwa. Kanisani joka ni Shetani, langoni joka ni heshima, na kila mtu ajue anapita mlango gani. Akaniitikia, 'Ndiyo, Padri.' Ndiyo gani ile?"

"Ulimwambia kuhusu fundo?"

"Nilimwambia lifutwe. Akasema atalifuta."

Kwa hiyo alijua. Alionywa na akaliacha. Saurina aliinua shuka, akapiga magoti, na safari hii hakutazama nyuso wala gauni. Alilifuata joka kuanzia ulimi mpaka fundo la mkia, halafu akateremka kwenye pango, kwenye mifupa. Fuvu. Mbavu. Kiatu kimoja. Na chini ya ukucha wa joka, nusu kwenye kivuli, mkono wa kushoto wa mtu, bado una nyama, umefunguka kiganja juu. Mkono ule ulikosa vidole viwili vya mwisho.

Alikaa pale mpaka magoti yakamuuma. Mkono ule aliwahi kuufunga dawa yeye mwenyewe, siku kisu cha kupogolea mizabibu kilipoteleza. Ulikuwa wa Romeu, mdogo wake Ferrer, mpiga upinde, aliyechukuliwa na bwana kwenda Sardinia. Majira ya vuli wenzake waliporudi yeye hakuwamo. Ferrer alikwenda langoni kuuliza, akajibiwa na mlinzi, "Wengi wamebaki," kisha lango likafungwa. Mchoraji hawezi kumwuliza bwana amemfanyia nini ndugu yake, na bwana mwenyewe alikuwa bado vitani. Ferrer alirudi nyumbani, akachukua ubao wa wakulima, akaanza kazi. Hakumtaja Romeu tena. Saurina alidhani ameshakubali.

Alimkuta mumewe karakanani, anapiga ubao mpya lipu nyeupe ya kutangulia rangi, kana kwamba dunia imetulia.

"Nimeuona mkono," alisema.

Brashi ilisimama.

"Ungeniambia mimi, Ferrer. Mimi mkeo."

"Ningekuambia ungenizuia."

"Ningekuzuia, ndiyo. Sasa Arnau atakatwa mkono kwa ajili ya mkono uliouchora wewe."

"Arnau alikaa anakula na kunywa huku wenzake wanaoza kwenye matope. Mabwana na wauane wenyewe kwa wenyewe, mara moja moja. Sisi tutapumzika."

"Na Bibi Elisenda? Naye alikwenda Sardinia?"

Saurina alimtazama mumewe, mtu mpole ambaye hakuwahi kumpigia kelele, na akaona kwamba majira yote ya baridi alikuwa akilala na mtu aliyekuwa na chumba kingine ndani yake, na ufunguo anao mwenyewe.

"Nenda kamwambie bwana," alisema.

"Atanitundika."

"Nenda."

"Siendi, Saurina."

"Basi naenda mimi."

Alidhani mumewe atamshika. Hakumshika. Alichovya brashi tena kwenye lipu.

Guerau alimpokea ukumbini, amesimama karibu na dirisha. Hakuna aliyemkaribia zaidi ya hatua kumi siku zile. Saurina alipiga goti, akasema yote, kwa maneno machache, kama anayetoa mwiba: fundo liliwekwa kwa makusudi, aliyeliweka ni mumewe, na sababu ni Romeu. Arnau alijitolea uso kwa majivuno tu. Bibi alitoa gauni kwa wema tu.

Bwana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, Bwana."

"Arnau ana watu bado. Mke wangu ana watu. Inawafaa sana, mke wa mchoraji akija kulia hapa kwamba ni mambo ya ndugu aliyepotea."

"Sijalia, Bwana."

Guerau akamkazia macho. Kweli, hakuwa amelia.

"Kama ningetumwa," Saurina aliendelea, "wangenituma na uongo utakaomwacha mume wangu salama. Nimekuletea shingo yake. Uongo gani huo?"

Baadaye askari walisema kwamba lilikuwa jambo la ajabu kumwona bwana anatafuta hila na asiipate. Alikuwa kama mtu anayepapasa ukuta gizani akitafuta mlango ambao ana hakika upo.

"Nionyeshe huo mkono," alisema hatimaye.

Walishuka kanisani, na Ferrer akaletwa. Padri Dalmau aliondoa shuka akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati. Guerau aliinama. Hakumtazama Jordi wala binti mfalme. Alitazama chini ya ukucha wa joka lake mwenyewe, kwa muda mrefu, kisha akanyoosha kidole akaugusa ule mkono pale vidole vilipokosekana.

"Ulitaka nini?" alimwuliza Ferrer, bila kugeuka. "Wanicheke?"

"Hapana, Bwana."

"Basi ulitaka nini?"

Sauti ya Ferrer ilikuwa kavu. "Nilitaka uulize ni wa nani."

"Siulizi. Ni wa Romeu." Guerau akasimama wima. "Alikuwa anashika upinde kwa vidole vitatu na hakuwa anakosa. Alinichekesha sana yule. Alisema vile viwili alivilipa kodi kwangu mapema, nisimdai tena."

Akautazama tena ule mkono.

"Homa ilimshika kwenye vinamasi, yeye na wengine. Tukapata habari adui anakuja, ikabidi tuhame. Wagonjwa hawakuweza kutembea. Nikawaachia maji na mkate na mtu wa kuwaangalia, nikasema tutarudi kuwachukua. Asubuhi iliyofuata yule mtu wa kuwaangalia alitufikia kambini, yuko peke yake. Nilimwona anakuja njiani. Sikumwuliza. Nilijua nikimwuliza itabidi nirudi."

Ferrer alijishika kwenye meza ya padri. Saurina alidhani atasema neno la kuwamaliza wote. Alisema tu, "Alikuwa hai ulipoondoka?"

"Alikuwa hai. Aliniita jina."

Padri Dalmau alijifanyia ishara ya msalaba. Guerau alikaa kwenye kigoda cha padri, mikono katikati ya magoti. Hakuonekana kama bwana wala kama joka. Alionekana kama mtu yeyote aliyetoka safari mbaya. Ferrer alimtazama, na Saurina aliyekuwa karibu aliona chuki ya mumewe ikitafuta pa kushika na kuteleza. Haikuondoka. Ila ilipungua uzito, au labda ilipata mtu halisi wa kumkalia badala ya jiwe la langoni.

"Nikikutundika," Guerau alisema, "watasema nimekubali kwamba joka ni mimi. Nikikuacha watasema naogopa mchoraji."

"Watasema vyovyote, Bwana," alisema Saurina. "Wameanza jana."

Guerau alikaribia kutabasamu. Aliamuru joka libadilishwe, liwe jeusi, lenye miguu minne, mkia mnyoofu kama wa mjusi, lisifanane na kitu chochote cha nyumbani kwake. Padri aliuliza kwa woga kuhusu ule mkono.

"Mkono ubaki," alisema.

Bibi Elisenda na Arnau walifunguliwa kabla ya jioni. Lakini mlango uliofungwa kwa shaka haufunguki wote. Arnau alitoka ghalani, akapanda farasi akiwa na vumbi lile lile la mapipa, akaenda kwa ndugu za mama yake huko Urgell, na hakurudi kukaa Castellroure tena. Wako mpaka leo wanaosema, "Asiye na hatia angekimbia?" Bibi alibaki, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda asipoulizwa swali. Siku ya sikukuu alikaa kanisani mahali pake, na Guerau mahali pake, na kati yao mtu wa tatu angeweza kuketi bila kubanwa. Aliwahi kumwambia Saurina, walipokutana kwenye ngazi, "Aliamini picha, Saurina. Mimi nilikuwa hai, niko mbele yake, akaamini ubao."

Katika misa ya sikukuu Padri alimtaja Romeu Malla kwenye orodha ya marehemu. Ferrer aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Guerau aliinuka mahali pake, akaenda kusimama nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na wachunga mbuzi.

Ngao za ngomeni hazikuletwa tena kwetu. Zilipelekwa kwa mchoraji wa Lleida, ambaye majoka yake yalikuwa manono kama bata bukini, na vijana wa mji waliyacheka kwa siri. Ferrer aliishi kwa kuchora masanduku ya maharusi na watakatifu wadogo wa vijijini. Alikaa muda mrefu bila kusema na mkewe zaidi ya yaliyolazimu. Siku moja wakila, alisema, "Ungeniambia unakwenda kweli, ningekwenda mwenyewe."

"Nilikuambia."

Alifikiri. "Kweli, uliniambia."

Wakaendelea kula. Ila tangu mwaka ule, kila kazi ya Ferrer ilipokauka, kabla haijafungwa nguo kupelekwa kwa mwenyewe, Saurina alikuwa anaisogeza dirishani, anaikagua pembe kwa pembe, nyuma ya miti, chini ya miguu ya malaika, ndani ya mikunjo ya mavazi. Ferrer alikuwa anaona. Alikaa kwenye kigoda chake, akafuta brashi, akamngoja amalize.